Mrejesho: nyumba ya Kiponda na bei ya dalali

Assalaam alaykum. Niliuliza kama bei ya ile nyumba ya ghorofa moja Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni ya haki. Ahsanteni wote, haya ndiyo yaliyotokea.

Aliyesema nipime kwa ndani, Mungu amlipe. Tangazo lilisema mita za mraba 140, futi kamba imetoa 96. Walipima kwa nje, na zile kuta za mawe na chokaa ni nusu mita nzima kila upande.

Boriti, ile miti inayobeba sakafu, ndizo zilizoshusha bei. Katikati ngumu kama chuma, lakini fundi alipochoma bisibisi kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, ilizama sentimita 5. Ukuta umepigwa lipu ya saruji, unyevu hauna pa kutokea, basi unaishia kwenye boriti. Ukiigonga lipu inalia tupu, na nyuma yake chokaa imekuwa unga. Boriti 11 za kubadilisha, lipu yote ya kubandua. Muuzaji kapunguza asilimia 15.

Kulinganisha na nyumba za jirani hakukusaidia sana: nyingi zimeshakuwa hoteli, na bei za matangazo ni za kuanzia maneno tu.

Kilichokwama ni mirathi. Nyumba si wakfu (mali iliyofungwa isiuzwe), nimeuliza Kamisheni ya Wakfu. Ila warithi ni saba, na mmoja yuko Omani hajatoa idhini ya maandishi. Arabuni, yaani malipo ya kwanza ya kushikia nyumba, sitoi mpaka karatasi yake ifike.