Sabskripsheni ya hisa au ya programu, nilipie ipi?

Mpenda Mizani: Wakuu, nina hela ya jambo moja tu. Kuna fomu ya hisa imeandikwa sabskripsheni, na programu yangu ya mahesabu inadai sabskripsheni ya mwaka. Nianze na ipi?

Kalamu ya Risasi: Mbona hujasema kitu? Hisa ni za toleo la kwanza au wanauziwa wanahisa wa zamani? Bei ya fomu na ya sokoni zikoje? Mwisho lini?

Mama Watatu: Lipia programu. Ndiyo inayokuletea riziki.

Daftari Jekundu: Hivyo vimefanana jina tu. Ya programu ni ada; ukiacha kulipa unakatiwa huduma. Ya hisa ni ombi la kununua, ukikubaliwa unakuwa mmiliki. Maombi yakizidi hisa zilizopo, mara nyingi mnagawiwa kwa uwiano na hela iliyobaki inarudishwa.

Mzee wa Mafaili: Jina hilo liliniumiza. Nililetewa barua: haki ya kununua hisa moja mpya kwa kila nne nilizokuwa nazo. Nimezoea ada za mwezi, ukichelewa unalipa baadaye, huduma inarudi. Nikaiacha barua mezani. Siku naishika tena ina duara la kikombe cha chai, na tarehe ilishapita siku tatu. Dalali akaniambia haki imekufa. Na ilikuwa inauzika! Ningeiuza sokoni nikapata chochote. Fungu langu likapungua, maana hisa za kampuni ziliongezeka, zangu zikabaki zilezile.

Mama Watatu: Pole sana, mzee. Kwa nini wasiseme tu "kuchangia mtaji"?

Daftari Jekundu: Kuchangia ni kutoa, hapa unanunua. Asili ya neno sabskripsheni kwa Kilatini ni kuandika chini, yaani kutia sahihi. Benki ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1694, watu waliandika kwenye daftari majina na kiasi watakachotoa, hadi zikatimia pauni 1,200,000.

Mama Watatu: Basi anayejisajili kupata gazeti naye ametia sahihi. Neno ni moja.

Daftari Jekundu: Sahihi moja, ahadi mbili tofauti.

Mpenda Mizani: Samahani, nilikuwa kazini. Ni ya wanahisa wa zamani, moja kwa tano, bei iko chini ya soko. Mwisho Ijumaa.

Kalamu ya Risasi: Ijumaa hii? Mpigie dalali sasa hivi, uliza kama haki inauzika. Na programu, hawapokei malipo ya mwezi mmoja mmoja?

Mpenda Mizani: Sijauliza.