Mrejesho: ubao wa nyuma uliooza kwenye boti yangu ya faiba

Wakuu asanteni sana. Niliwauliza kuhusu boti yangu huku Ggaba, Kampala, kando ya Ziwa Viktoria, ule ubao wa nyuma unaobeba injini umeoza, ukiugonga unalia bubu kama papai bivu. Aliyesema nikate ganda la faiba la ndani niache la nje alipatia, plaiwudi iliyooza katikati ilitoka kwa kijiko jamani, maji yaliingilia matundu ya bolti. Nikagundisha vipande viwili vya plaiwudi ya marini (ya kutengenezea boti) kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, nikafunika na kitambaa cha faiba. Ila papara yangu, mara ya kwanza nilikoroga epoksi nyingi kwa pamoja kwenye ndoo ikachemka ikaganda hapohapo, hela ikaenda. Matundu mapya ya bolti nimeyaziba kwa epoksi ndo nikatoboa upya, ili maji yasifike kwenye plaiwudi. Injini imetulia, ila kona ya kushoto ya ubao bado inavuja kidogo, nitaifungua tena.