Gari zito, foleni nyuma: niwashe indiketa ya kushoto wapite au nikae kimya?

Mzee wa Mashudu

Mbukwenyi, wakuu. Nina Canter ya zamani, nabeba alizeti kutoka Kibaigwa na Pandambili kuleta Kizota hapa Dodoma kukamua, na kurudi napakia mashudu ya wafugaji. Ikiwa na mzigo haizidi sitini, kilima kikijitokeza inashuka mpaka arobaini. Kwa hiyo mimi ndiye yule mnayemtukana mkiwa nyuma. Nawaona kwenye kioo, midomo inacheza.

Barabara ile ya Morogoro kuja Dodoma mnaijua. Njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, na humohumo kuna semi za Rwanda na Kongo, mabasi ya Mwanza, IT (magari yanayopelekwa nchi jirani) zinazowahi mpakani, V8 za wakubwa, bodaboda isiyo na taa, na punda anayevuta mkokoteni wa madumu ya maji huku mwenye punda anaongea na simu.

Siku zote nimefuata desturi. Nikiona mbele kweupe nawasha indiketa ya kushoto, wa nyuma anapita, ananipigia kahoni ka asante, tumemalizana. Nikiona gari linakuja nawasha ya kulia, anatulia. Sasa mpwa wangu ametoka shule ya udereva, leseni yake bado inanukia, ananiambia mjomba acha hiyo tabia. Siku mtu atatoka kwa indiketa yako akutane uso kwa uso na basi, utajibu nini? Nikamwambia kwani nimemvuta kwa kamba? Akasema hukumvuta, lakini ulimwambia njia ni nyeupe. Nikanyamaza, nikaongeza sauti ya redio.

La pili ni pembezoni mwa lami. Kuna wanaonimulikia fulu kutoka mbali, wanataka nishuke kabisa kwenye changarawe. Sehemu nyingi ukingo wa lami uko juu, na kiangazi hiki vumbi likiamka hata mimi sijioni. Hilo nalo ni adabu au ni ujinga?

Naomba majibu ya wanaoendesha, siyo ya wanaopakiwa.

Kijana wa Area D

Mzee uza Canter nunua punda. Foleni itakuwa ileile ila hutalipia dizeli. Natania, shikamoo mzee wangu.

Suka wa Rusumo

Shikamoo mzee. Navuta semi, Dar mpaka Rusumo, Dodoma napita usiku na mchana.

Mpwa wako ana hoja ila hajaimaliza. Indiketa ya kulia endelea nayo. Anayejua lugha yetu ataelewa "usipite". Asiyejua atadhani unakata kulia, naye hatapita. Wote wawili wamebaki nyuma yako, wazima. Ya kushoto ndiyo yenye mtihani. Wewe umeona kweupe kwa macho yako, sekunde ile. Yeye anatoka sekunde nne baadaye, na hujui gari lake lina nguvu kiasi gani. Noah yenye watu tisa na magunia juu ya keria siyo V8. Na akishaona umewasha, wengi hawachungulii tena. Wanatoka tu.

Halafu kuna jambo ambalo wa Dodoma hamlioni. Nikivuka daraja la Rusumo naingia nchi inayoendesha kulia. Burundi na Kongo pia ni hivyo. Kule unapitwa upande wa kushoto, kwa hiyo indiketa ya kushoto ndiyo inayosema "kaa nyuma", na ya kulia ndiyo "pita". Madereva wa kule wako kwenye barabara yetu kila siku. Saa nane usiku, Manyoni, mtu amechoka, una uhakika gani anaisoma indiketa yako ya kulia kwa desturi ya huku? Kwa hiyo hata hiyo niliyoisifu hapo juu, ukiona nyuma yako kuna namba ya nje, usiitegemee peke yake.

Usiku tena ndiyo vurugu. Tukipishana tunawasha ya kulia ili anayekuja ajue ubavu wa gari unaishia wapi. Wa nyuma anadhani unamwambia yeye.

Mimi ya kushoto nimeiacha, naiwasha nikiwa naegesha kweli. Ninachofanya: nakaa kushoto lakini juu ya lami, mwendo uleule, siyumbi. Akifika sambamba na kichwa cha gari naachia mafuta kidogo aingie mapema. Siyo breki. Ukifunga breki na yeye ameghairi anataka kurudi nyuma yako, umemziba pa kurudi.

Na niseme la kwetu wa semi, wenzangu wanichukie. Tukitoka mizani ya Nala tunatoka tumefuatana, nne, tano, na kila mmoja amemgandia mwenzake kwenye tela. Gari dogo linalazimika kuzipita zote kwa mkupuo mmoja, ndipo ajali. Tukiachiana nafasi, linapita moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Haitugharimu chochote, lakini ukiacha nafasi semi mwenzako wa nyuma anaichukua yeye. Uvivu na roho mbaya tu.

Mwalimu wa Usukani

Mpwa wako kama siyo mwanafunzi wangu basi ni wa jirani.

La lawama nalijibu kwa ufupi: anayeovateki ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha mbele kuko wazi. Indiketa yako haimpi ruhusa, wewe siyo trafiki. Lakini mzee, hukuuliza habari ya kesi tu, nadhani uliuliza habari ya usingizi wako.

Ninachotaka uelewe ni hesabu, maana watu wanadhani gari la mwendo mdogo ndilo tatizo. Chukua karatasi. Wewe uko 60, wa nyuma anakupita akiwa 90. Tofauti ni 30, yaani anakuacha mita 8 na kidogo kila sekunde. Anaanza mita 25 nyuma yako, kuna urefu wa Canter yako, urefu wa gari lake, halafu anaingia mita 25 mbele yako. Jumla kama mita 60. Sekunde 7 amemaliza, na ametumia mita 180 za barabara. Anayekuja naye akiwa 90 ametumia 180 zake. Wanahitaji mita 360 nyeupe, na kwenye nyanda zenu zile zinapatikana.

Sasa aibu ikushike, uone foleni, ukanyagie mpaka 75. Tofauti imebaki 15. Muda wa kukupita unakuwa maradufu, sekunde zaidi ya 14, na nafasi inayotakiwa inapita mita 700. Umejitesa, umechoma mafuta, na umemwongezea hatari mtu uliyekuwa unamhurumia. Kwa semi ya mita 17 inayokwenda 80, anayepita kwa 100 anahitaji vilevile mita 700 hivi. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi, Canter ya sitini ni rafiki yako, semi ya themanini ndiyo uiheshimu. Magari mazito na mabasi kisheria mwisho ni hiyohiyo 80, kwa hiyo wenye gari dogo wasitegemee semi itakimbia zaidi ili wao wafurahi.

Changarawe usishuke ukiwa kwenye mwendo. Tairi za kushoto zikishuka ukingo na mzigo juu, ukijaribu kuzirudisha kwa kukata usukani ghafla gari linavuka mpaka upande wa pili au linalala. Anayekumulikia fulu hatakuja kukusaidia kuokota alizeti.

Binti wa Mpunguzi

Shikamoo mzee. Wewe wa sitini sina ugomvi na wewe kabisa. Ugomvi wangu ni na yule anayekwenda sitini na tano mpaka nianze kumpita, ndipo anakumbuka ana haraka.

Nafuata samaki Mtera, nauza Majengo, gari langu ni IST. Ukishapita Fufu barabara imenyooka, nampata mtu na Prado anajiendea taratibu, mkono dirishani. Natoa indiketa, natoka, nafika usawa wa mlango wake. Anageuka, anaona mwanamke, anaona IST. Anakanyaga. Tunakwenda sambamba mimi nikiwa upande wa wanaokuja, na samaki wangu nyuma kwenye barafu. Narudi nyuma yake, anapunguza tena mpaka sitini na tano. Hawa mtawaandikia desturi gani?

Suka wa Rusumo

Dada pole. Kwa huyo dawa ni kukaa nyuma tu umwache na mashindano yake. Ukikata tamaa ya kumpita, rudi mapema, usingoje uone taa za basi ndipo uamue.

Dereva wa Mkubwa

Naona V8 tumetajwa. Niwaambie na upande wetu. Anayekimbia siyo dereva, ni kiti cha nyuma. Mkubwa anatoka nyumbani amechelewa, kikao Mtumba saa tatu, sisi bado tuko Gairo. Ukienda themanini anakohoa. Ukienda mia anakohoa kidogo. Sina ubishi na tochi ya trafiki ya kupima mwendo, nikipigwa anayeulizwa ni mimi.

Lakini mzee, kukumulikia fulu siyo kukwambia shuka barabarani. Mimi namulika mara moja ya haraka, maana yake nakuja, usiyumbe. Kinachonitisha kuliko lori la mwendo mdogo ni lori lenye huruma. Linaniona, linaanza kwenda kushoto, mara linarudi, mara limewasha, mara limezima. Sijui anataka nini. Bora aliyeninunia akanyooka.

Kijana wa Area D

"Anayekimbia ni kiti cha nyuma." Mwambie akohoe akiwa kwenye SGR.

Mzee wa Mashudu

Marahaba wanangu wote, hata wewe wa punda.

Nimesoma mpaka mwisho na nimemwita mpwa wangu asome. Amefurahi mno, sikupenda.

Hesabu ya Mwalimu imeniingia. Kumbe ile kukanyagia kwangu nikiona foleni ndiko kunakowachelewesha. Na maneno ya dereva wa V8, sikutegemea kusema hivi, ni ya kweli: huruma isiyotabirika. Kwa hiyo ya kushoto naipumzisha. Ya kulia nabaki nayo kwa onyo tu, nikiona linakuja na wa nyuma ameanza kuchungulia. Wa namba za nje nitawapigia na honi juu.

Lakini hamjanimalizia. Kukaa kimya na kunyooka ni sawa pale ambapo mbele kuna weupe. Je, asubuhi magari yakiwa mfululizo pande zote, hakuna anayeweza kunipita, na nyuma yangu wamejipanga mpaka kwenye kona? Hapo nikinyooka nimekuwa mkaidi. Mimi nimeona njia moja. Vijiji vingi kuna vituo vya basi vilivyojengwa, lami imetanuliwa pembeni. Kijijini wote tuko kwenye kibao cha 50, mwendo umeshapungua. Naingia kituoni, nasimama kabisa, wote wanapita bila mtu kuingia upande wa pili. Hakuna aliyeovateki. Nahesabu gari la mwisho, narudi.

Suka wa Rusumo

Hiyo kwa Canter inawezekana. Mimi na semi kituo kizima ni changu, na basi likija nyuma linashusha watu katikati ya barabara. Na kutoka pale na tani thelathini nikianza gia ya kwanza, nimetengeneza foleni mpya.

Mwalimu wa Usukani

Na hapo ndipo indiketa ya kushoto inafanya kazi yake halali, mzee. Iwashe mapema, kabla ya vibao. Kabla ya kurudi barabarani washa ya kulia na usubiri, usiingie kwa kuwa wewe ndiye uliyewafadhili.

Binti wa Mpunguzi

Mzee ukiingia kituo cha Mbande utatokaje? Pale kuna bodaboda, mahindi ya kuchoma na mama wa karanga, wote wamekaa kwenye lami.

Mzee wa Mashudu

Mbande siingii, binti yangu. Nimeshawahi kuulizwa pale kama nimekuja kununua au kukanyaga. Vituo vyangu ni vya vijiji vidogo, ambako saa moja asubuhi kuna mtoto wa shule mmoja na mbuzi. Mbande wanivumilie mpaka tuvuke matuta.