Tupeane uzoefu: mavazi ya safari ndefu ya miguu, kutoka joto la Tanga hadi ukungu wa Usambara

Mtoa mada, Tanga mjini

Ndugu zangu, assalamu alaykum na heri kwa wote. Kikundi chetu cha watembeaji kinajiandaa kwenda kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae mwezi wa Januari, kwa kupitia msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi na Mambo, na kila mtu atabeba mzigo wake mgongoni. Njia tunaijua na chakula kinapatikana vijijini. Kinachotusumbua ni nguo. Januari hapa pwani ni joto la kaskazi, mtu hutamani kushinda na msuli na fulana tu, ilhali mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 na vilele vya Magamba vinazidi mita 2,000. Kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, saa ile ile ambayo mtu wa Raskazone, hapa Tanga mjini, anajipepea, mwenzake aliye juu ya vilele hivyo huwa kwenye hewa iliyo chini kwa nyuzi 13 hivi, na hapo upepo hatujauhesabu. Waliokwisha kupita huko watueleze walivaa nini, na nini waliona ni mzigo wa bure.

Mwenyeji wa Rangwi

Karibuni sana milimani. Watu wengi wa pwani huniuliza kama huku kuna baridi, nami huwajibu kwamba baridi peke yake haimsumbui mtu anayepanda mlima na begi, kwa sababu mwili wake unafanya kazi. Kinachomsumbua ni kulowa kisha kusimama. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ukiwa na unyevu, ukapoa, ukawa ukungu na manyunyu. Ukishavuka mgongo wa milima na kuteremka upande wa Mkomazi huwa umekauka. Ndiyo maana asubuhi mnaweza kulowa ndani ya msitu wa Magamba, hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi, na mkifika Mtae, iliyo upande huo mkavu, mkakuta vumbi na upepo mkavu unaopuliza moja kwa moja usoni.

Mimi huwasindikiza wageni mara kwa mara, na kanuni ninayowapa ni moja: nguo ya kulalia isitembee kamwe. Vaeni seti moja ya kutembelea, ilowe jasho na manyunyu kadiri itakavyolowa, na seti ya pili pamoja na soksi kavu ikae ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri hadi mfike mahali pa kulala. Asubuhi mtavaa tena ile yenye unyevu, jambo ambalo wengi hulikataa siku ya kwanza, lakini baada ya mwendo mfupi mwili huipasha moto. Anayevaa nguo zake kavu asubuhi ili aanze safari kwa raha huingia jioni akiwa hana kitu kikavu hata kimoja.

Fundi cherehani, Ngamiani

Naunga mkono, nami niongeze habari ya vitambaa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Pamba tunaipenda pwani kwa sababu hunyonya jasho na kutuburudisha, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayoigeuza kuwa adui milimani. Kitambaa hutupa joto kwa hewa inayokaa kati ya nyuzi zake. Pamba ikilowa, nafasi hizo hujaa maji, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa. Poliesta hainyonyi maji hata asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo ukiikamua na kuivaa hukauka ungali unatembea, ingawa ina kasoro ya kunuka mapema. Sufu huweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake na bado ikahisi kavu, nayo hainuki upesi, ila huchelewa kukauka.

Kwa hiyo mwilini ningeweka fulana ya michezo ya mikono mirefu, ambayo pia hukinga jua, maana kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inavyozidi kuwa mikali. Juu yake sweta jepesi la sufu, au lile la poliesta lenye manyoya, kisha koti jembamba la kuzuia upepo na mvua. Tabaka tatu nyembamba zinapunguzwa na kuongezwa njiani, jambo lisilowezekana kwa jaketi moja zito. Vyote hivyo hupatikana kwenye mitumba hapa mjini kwa mwenye subira ya kusoma lebo zilizoshonwa ndani. Jambo moja tu la kuangalia: msinunue suruali zenye mabaka ya kijeshi, hata zikiwa imara namna gani, kwa sababu sheria haimruhusu raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi.

Mama wa Chumbageni

Wanangu, mmesahau kwamba watembeaji wengine ni wanawake. Dera halifai kwenye njia nyembamba, kwa kuwa hunasa miibani na pindo lake hubeba tope. Mimi huvaa gauni linaloishia magotini juu ya suruali pana ya kitambaa chepesi, na ushungi wa poliesta ambao ukilowa naukung'uta tu. Kanga huibeba daima, lakini ni pamba, kwa hiyo siitegemei kwa joto. Kazi yake ni kujistiri wakati wa kuoga, kutandika na kujifutia.

Mtembeaji wa Amani

Shikamoo mama. Kwetu Usambara ya Mashariki mvua hunyesha katika miezi mingi ya mwaka, na mimi sikubaliani na fundi kuhusu koti la mvua. Koti la nailoni lisilopumua humlowesha mvaaji kwa jasho lake mwenyewe kabla mvua haijamfikia. Katika msitu uliotulia mimi hukunjua mwavuli.

Fundi cherehani, Ngamiani

Ndugu yangu, mwavuli wa Amani ukifika Mtae utageuka ndani nje kwa upepo. Koti liachwe wazi kifuani wakati wa kupanda, lifungwe mnaposimama au mnapofika kwenye uwazi wenye upepo, na sweta livuliwe kabla jasho halijaanza.

Mtoa mada, Tanga mjini

Nimewaelewa. Je, viatu?

Mwenyeji wa Rangwi

Raba zilizokwisha kuuzoea mguu na zenye meno chini, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza sana. Soksi ziwe za sufu au za michezo, jozi inayopumzika ining'inizwe nje ya begi jua likitoka, maana usiku wa ukungu haikauki. Kandambili zibebeni kwa ajili ya jioni.