Mjadala: Meza ya snuka na ubao wa mabingwa wa klabu za zamani, tuvitunze ama tuvitoe?

Wadau habari za Jumapili, naomba tulijadili hili kwa uzito wake, limenikaa kooni tangu juzi.

Hapa Tanga kuna klabu moja ya siku nyingi, jina naliacha, kamati yake inataka kuitoa meza ya snuka, ule mchezo wa kutumbukiza mipira ya rangi kwa fimbo kwenye meza kubwa, iliyopo tangu enzi za mkoloni. Hoja yao ni kwamba chumba kizima kinaliwa na meza moja, na kweli inakula, meza ya snuka ni futi 12 kwa 6 na ukiweka nafasi ya mtu kurudisha kyu, fimbo ya kupigia, nyuma unataka chumba cha kama futi 22 kwa 16, hapo unaingiza meza mbili za puli za kutumbukiza sarafu na televisheni kubwa ya kuangalizia ligi na hela inaingia kila siku. Ubao wa mabingwa nao unashushwa, ule wa mbao wenye majina ya rangi ya dhahabu. Kwenye kikao mzee mmoja akasema ushuke tu, ni wa wakoloni na matajiri, hauna jina hata moja la Mswahili, tunautunzia nini. Watu wakapiga makofi.

Mimi msimamo wangu ni huu, meza ibaki, ubao ubaki, na uwekwe ubao wa pili wa majina ya maka.

Kwa vijana ambao hawajui, maka ni yule mfanyakazi wa chumba cha biliadi, mchezo mama wa snuka, anapanga mipira, anasogeza pointi kwenye ubao wa kuhesabia, anampa mwanachama resti, kijiti cha kuegemezea kyu, mpira ukiwa mbali, anabandika ngozi kwenye ncha ya kyu. Babu yangu mzaa mama alikuwa maka kwenye klabu ya namna hiyo kuanzia miaka ya hamsini. Wakati ule klabu za wazungu Mwafrika anaingia na sinia tu, Wahindi na Wagoa, wale wa asili ya Goa kule India, walikuwa na za kwao, kila watu na ukuta wao, na sisi tulikuwa na mpira wa miguu na dansi na bao barazani. Kwa hiyo mnaposema ubao hauna jina la Mswahili ni kweli kabisa, lakini chumbani Mswahili alikuwepo kila siku kuanzia asubuhi mpaka mwanachama wa mwisho alewe aende zake.

Na alikuwa anacheza! Hili ndilo linaloniuma. Mwanachama akikosa wa kucheza naye anamwita maka, na maka asubuhi kabla hawajaja ana saa mbili tatu peke yake na meza, miaka ishirini, wewe hesabu mwenyewe. Babu alikuwa anasema kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kujua lini umshinde bwana na lini umwachie nyeusi ya mwisho ili kesho akuite tena. Nyeusi, yaani mpira mweusi, ndiyo pointi 7, kubwa kuliko zote mezani, na mechi nyingi zinaamuliwa hapo. Bingwa wa ubaoni amefundishwa na mtu ambaye jina lake halipo popote.

Niwaonyeshe kitu kimoja alichonionyesha mimi nikiwa darasa la nne. Kitambaa cha meza ya snuka kina manyoya yanayolala upande mmoja, kuanzia kwenye mstari wa kuanzia kwenda upande wa nyeusi, kwa hiyo unapiga brashi kufuata upande huo huo, ukirudisha umeharibu, mpira wa polepole utakuwa unajikunja wenyewe. Baada ya brashi inakuja pasi, na pasi yenyewe ya mkaa. Babu anatoka nayo nje, anaipepea majivu yaishe, anaifuta kitako na kitambaa chenye unyevu, afu anaiweka juu ya kipande cha gazeti na kuhesabu kimyakimya, gazeti likibadilika rangi haingii nayo ndani, anasubiri, analijaribu tena. Likibaki jeupe ndiyo anapitisha, mstari mmoja mrefu bila kusimama, kwa sababu ukisimama tu kitambaa kimeungua na mshahara wa miezi kadhaa umeenda. Na Tanga yetu hii ya unyevunyevu wa bahari bila pasi meza inakuwa nzito, unapiga mpira unafia katikati. Uingereza kwenye mashindano makubwa wanatia vipasha joto chini ya mawe yaliyotandazwa chini ya kitambaa cha meza kwa ajili ya jambo hilo hilo, babu alikuwa anafanya kwa mkaa na gazeti.

Kuhusu ukoloni. Mchezo wenyewe ulianzishwa na maofisa wa Kiingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875, hilo halina ubishi. Lakini angalieni Wahindi na Wapakistani walifanya nini na meza walizoachiwa. Mwaka 1958 Wilson Jones wa India akachukua ubingwa wa dunia wa biliadi wa ridhaa palepale Calcutta, 1984 Agrawal, naye wa India, akachukua ule wa snuka kule Dublin, na 1994 Muhammad Yousaf wa Pakistan akauchukua Johannesburg. Hawa hawakuzitupa meza wala hawakuzifuta historia zake, walizikalia wakacheza. Sisi zetu zilikufa taratibu, mwaka 1971 majumba yakataifishwa na wenyewe wengi wakaondoka, afu ikaja miaka ya themanini hata sabuni ya kufulia ni foleni, nani angeagiza kitambaa cha meza? Babu alikuwa anakata ngozi ya kiatu kikuukuu kutengeneza ncha za kyu.

Nawasilisha, leteni hoja.

Mdau wa Mombasa:
Ndugu yangu wa Tanga nimekusoma mpaka mwisho, Mungu amrehemu babu yako, lakini mimi napinga. Huku kwetu klabu ya wazungu ilikuwapo tangu 1897 na marehemu baba aliishi mtaa wa pili yake maisha yake yote bila kuijua ndani ikoje, mpaka anazeeka akipita pale alikuwa anahamia upande wa pili wa barabara, hakuna aliyemfukuza siku hizo, miguu tu ilishazoea. Sasa wewe unataka babu yako akatundikwe kwenye ukuta wa watu waliomnyima kiti. Huko ni kumpeleka kazini mara ya pili, safari hii bila mshahara. Ubao ushuke. Kama ni kumbukumbu kaandikeni nyumbani kwake, ama msikitini kwake, mahali alipokuwa mtu na jina lake na baba yake.

Mdau wa Magomeni:
Mi nipo upande wa puli na naomba mnisikilize pia maana naona puli inasemwa kama uchafu. 2016 viongozi walipotoa maagizo vijana wasionekane kwenye meza saa za kazi sisi tulikuwa tunakimbizwa, wengine tulikuwa tunafanya mazoezi ya mashindano ya taifa ya puli yale ya bia ya Safari, mchana ndiyo meza iko wazi usiku walevi wanajaza. Kwa hiyo kusahauliwa tunakujua. Ila mleta mada hela ya kitambaa kipya anatoa nani? Meza ya puli inajilisha yenyewe, hiyo yenu itakaa na vumbi afu baada ya miaka mitano inatolewa kimyakimya usiku na hakuna kikao.

Mdau wa Nairobi:
Kuna kitu mnaruka. Si klabu zote zilikuwa za wazungu. Huku Nairobi nimekulia karibu na klabu za Wahindi na Wagoa na hao ndio waliweka snuka hai miaka yote baada ya uhuru, mashindano ya klabu kwa klabu, Jumamosi mzee anakuja na kyu yake kwenye kasha kama daktari. Walikuwa ni makarani, walimu, watu wa reli, mafundi. Ukisema ubao ni wa matajiri unawaonea hao. Wengi walihama ama wamefariki na watoto wao wako Leicester na Toronto, ubao ukitupwa ndio mwisho wao pia. Mimi naunga mkono ibaki.

Mleta mada:
Nimewasoma wote, asanteni.

Mdau wa Magomeni swali la hela ni la haki na nilikuwa silisemi. Kitambaa ni ghali na fundi wa kukivuta hayupo Tanga. Pendekezo langu kwenye kamati litakuwa meza moja ya puli iingie kwenye veranda, ipo kubwa na ina paa, mapato yake kila mwezi sehemu yatengwe kwa ajili ya meza kubwa, na vijana wa puli wafundishwe ile kubwa bure siku mbili kwa wiki. Mtu anayetumbukiza mipira kwenye puli akipata miezi sita kwenye futi 12 atashangaa alivyo. Na sijaiita puli uchafu wala sitaiita.

Wa Nairobi umenikumbusha jambo, kwenye ubao wetu majina ya chini chini ni ya Wagoa na Wahindi wa hapahapa, mmoja alinifundisha hesabu.

Sasa wewe wa Mombasa. Nilisoma maneno yako usiku nikanyanyuka nikaenda kumwamsha mama, yeye ndiye mtoto wa marehemu. Nikamsomea. Akakaa kimya muda mrefu, afu akaniambia baba yake alikuwa anaingilia mlango wa nyuma, wa jikoni, mpaka anastaafu, hata baada ya uhuru wakati hakuna tena aliyemkataza, kama baba yako na ile barabara. Mama anasema aliwahi kumuuliza kwa nini, akajibiwa "huko mbele sina shughuli."

Kwa hiyo nimebadilisha kitu kimoja. Ubao wa maka nisingependa tena uwe pembeni ya ule wa mabingwa ndani ya chumba. Nataka uwekwe nje, juu ya mlango wa mbele, mtu yeyote anayeingia apite chini ya majina yao kwanza. Meza ibaki na ubao wa dhahabu ubaki ndani kama ulivyo. Kama kamati itakataa mlango wa mbele basi nakubaliana na wewe, bora tukaandike nyumbani.

Kikao ni Jumamosi ijayo saa kumi jioni. Mpaka sasa nimepata majina sita ya maka wa Tanga, matatu kamili na jina la baba, mawili nusu, na mmoja tumempata kwa lakabu tu ya chumbani, alikuwa mrefu, anapiga kwa mkono wa kushoto, na alihamia Muheza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwenye wazee Muheza naomba awaulize wiki hii.