Mtwara: nimeuziwa kinyago cha "mpingo" kinachoelea baharini. Wakala, nirudishie hela yangu!

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina siku tisa tangu nirudi na hasira haijashuka hata kidogo, ndiyo maana naandika.

Babu mzaa mama alitoka Newala akaenda Tanga kukata mkonge, kama Wamakonde wengi wa enzi zake. Jioni akitoka shambani alikaa barazani na tezo na patasi, anachonga mpaka giza liingie. Hakurudi tena kwao. Mama ana miaka 71 na alikuwa hajawahi kuikanyaga Mtwara. Mwaka huu nikajibana, nikasema nampeleka yeye na wanangu wawili wakaone babu alikotoka, na wamwone mtu akichonga. Hilo la kumwona mtu akichonga nilimwandikia wakala wa safari mapema kabisa. Akajibu: "Ondoa shaka dada, siku nzima mtakuwa na wachongaji wa Kimakonde." Nikatuma laki tisa na nusu kwa simu.

Siku ya kwanza hao wachongaji wakageuka duka. Feni, rafu, na kijana anayefuta vinyago vumbi. Nauliza mchongaji yuko wapi, naambiwa kaenda msibani. Mwongozaji akadakia kwamba vyote vinachongwa hapohapo uani. Tukaenda uani: hakuna gogo, hakuna hata chembe ya mti chini. Mahali panapochongwa mpingo hapafichiki, mabapa meusi yanazagaa kila upande. Mama aliliona hilo kabla yangu, akanyamaza kwa adabu. Lakini alipenda kinyago kimoja cha ujamaa, watu wamebebana kuanzia mzee chini hadi mtoto juu. Nikamnunulia, 180,000. Risiti imeandikwa "mpingo halisi" na ninayo.

Kesho yake tukaenda Msimbati. Niseme ukweli, pwani ile ni nzuri jamani, maji unayaona hadi chini na watu ni wachache. Mwanangu wa mwisho akaingia majini na kinyago cha bibi yake, kikamponyoka. Nikapiga kelele nikijua ndiyo kimeshazama.

Hakikuzama. Kilielea kama kifuu cha nazi, mawimbi yanakisukuma.

Kwa wasiojua: kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji, ukikitupa kinazama kama jiwe. Ndio mti huohuo unaopelekwa Ulaya kutengenezea klarineti. Sasa hiki chetu tulipokiopoa kilichuruzika maji meusi, khanga ya mama ikaingia madoa, na pale rangi ilipotoka mti ulikuwa mweupe pee, unanuka dawa ya viatu.

Nikampigia wakala. "Dada, huo ni mpingo mweupe, upo." Mpingo mweupe! Weupe wa mpingo ni ule ukanda mwembamba wa nje, chini ya gome, ambao wachongaji huukwangua au huuacha kidogo kama pambo. Kinyago kizima cha urefu wa mkono hakiwezi kutoka humo. Wala sisemi mti mwepesi ni kosa. Lipiko, ile barakoa ya ngoma, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mtu anaivaa kichwani na kucheza nayo. Ninacholalamikia ni kuupaka rangi, kuuita mpingo na kuuza kwa bei ya mti unaokua miongo na miongo ndipo ufae kuchongwa.

Newala ndiko walikonimaliza. Dereva alisimama njiani kwa shughuli zake mwenyewe, tukafika jua linazama. Shimo la Mungu, ule ukingo wa kutazamia bonde la Ruvuma, tulipewa dakika kumi. Mama akaomba asubuhi tupite mtaani tuulizie ukoo wa babu. Mwongozaji akamjibu, bila hata kumtazama, kwamba hilo halimo kwenye kifurushi. Mama yangu alilia usiku ule.

Asubuhi kijana wa bodaboda, ambaye hatukumlipa kwa kazi hiyo, akatupeleka kwa mzee mmoja anayechonga chini ya mkorosho. Mama akamwamkia kwa Kimakonde. Mzee akakipokea kinyago chetu, akakipima mkononi mara moja tu, akakirudisha bila neno. Ndipo akatueleza kwamba mawakala hawafiki kwake kwa sababu hana cha juu cha kuwapa. Kazi zake huzipakia kwenye basi kwenda Mwenge, Dar. Alikuwa dakika ishirini kutoka tulipolala! Mama alikaa naye saa mbili, akaishika tezo yake, akaigeuzageuza kama anatafuta kitu kwenye mpini.

Wakala nimemwandikia mara sita. Jibu la mwisho lilikuwa "wageni wengine huwa hawalalamiki". Wageni hao wamepanda ndege na mti uliopakwa dawa ya viatu, wameuweka sebuleni kwao, na wanaamini hiyo ndiyo kazi ya Mmakonde.

Ninachodai ni 180,000 ya kinyago pamoja na hela ya ile siku nzima ya wachongaji niliyolipia nisiipate. Jina silitaji hapa kwa kuwa malalamiko nimeshayapeleka kwa afisa biashara, na risiti na ujumbe wote nimeambatanisha. Kama nawe umeuziwa hivi, njoo inboksi au weka picha ya risiti yako hapa.

Na wewe unayefunga safari ya Mtwara, kabla hujatoa hela dukani omba ndoo ya maji. Wakikataa, toka.