Injini ya BSA Bantam imeganda: niihangaikie au niweke ya Boxer? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Kijana_wa_Bombo
Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Niko Bombo, Uganda. Nyuma ya nyumba yetu kuna banda la kuku, na ndani yake, chini ya magunia na mabati, kulikuwa na pikipiki ya zamani ya Uingereza, BSA Bantam, cc 125, rangi ya kijani iliyopauka. Kwenye tenki ina chapa ya bunduki tatu zilizoegemeana. Kiki na gia vyote viko kulia, breki ya mguu kushoto. Nimeitoa, nimeisafisha, na tangu hapo silali vizuri kwa kuiwaza. Nataka niifanye upya kabisa: nyeusi tii, kiti kifupi cha mtu mmoja, usukani mpana, madigadi ya nyuma iondoke. Shokapu za nyuma nimeshaanza kuzitoa.

Tatizo ni injini. Kiki haishuki hata kidogo, pistoni imeganda. Jirani anasema nigonge kwa nyundo na kipande cha mti. Mwingine anasema nisipoteze muda, nichomoe injini nzima niweke ya Boxer 100, ile pikipiki ya boda, na nimeshaoneshwa moja ya shilingi 700,000. Tenki nalo lina kutu, ukiliinamisha linamwaga vumbi jekundu. Mpaka sasa nimetumia kama 400,000.

Tafadhali nijibuni kabla ya Jumamosi.

MpakaniBusia
Weka ya Boxer, paka rangi, ingia stejini. Pesa itarudi.

Mimi ni mzaliwa wa Busia. Babangu alibeba watu kwa baiskeli kutoka forodha ya upande huu hadi ya upande ule, akiita "boda, boda", na jina ndipo lilipoanzia. Kiti cha abiria alikishona mwenyewe kwa sponji na rekisini nyekundu. Siku ya soko alikuwa akirudi usiku magoti yamevimba, mama anamkanda kwa maji ya chumvi. Baiskeli ile ilitusomesha watoto watano. Chombo ni kazi, ndugu yangu. Chuma kilicholala bandani kinamlisha nani?

FundiNdeeba
Usiguse nyundo. Narudia, usiguse nyundo.

Pistoni ya Bantam ni ya alumini na silinda yake ni ya chuma. Ukigonga kutoka juu utatoboa pistoni au utapinda konrodi, na hapo ndipo utakuwa umeiua kweli. Fungua plagi. Changanya oili ya gia otomatiki na dizeli, nusu kwa nusu, mimina kwenye tundu hadi ijae, uache siku tatu au nne, kila asubuhi unaongeza. Kisha tia gia ya 3, ambayo kwa Bantam za mwanzo ndiyo ya mwisho, ushike gurudumu la nyuma ulisukume mbele na nyuma taratibu. Likitikisika hata kwa upana wa ukucha, usilazimishe. Ongeza oili, kapumzike, rudi kesho.

Ikiachia, usiwashe. Ifungue kwanza. Hii ni injini ya mipigo miwili, petroli na oili vinapita kwanza kwenye chumba cha krenki kabla ya kupanda juu. Sili za krenki zikiwa zimekauka, hewa inaingia kwa pembeni, petroli inakuwa haba, pistoni inaungua ukiwa barabarani. Sili za umri huo huwa ngumu kama kwato. Badilisha sili, badilisha ringi. Platini za magneto, kile kinachotoa umeme wa plagi, zisafishe, pengo lake ni inchi 0.015. Petroli ichanganye na oili, mimi hutumia 1 kwa 20 mpaka ringi mpya zikae.

La mwisho, nati zake si za milimita. Ni za Uingereza ya zamani, Whitworth na ndugu zake. Spana ya 14 ya boda utaiona kama inaingia, halafu itakula kona zote.

Sasa nijibu. Namba za injini na chasisi zinalingana na kadi ya pikipiki? Na Jumamosi kuna nini?

MtoNile
Kuhusu tenki, msaada uko huku kwetu Jinja: molasi ya Kakira, ile wafugaji wanayolishia ng'ombe. Kwanza tia ndani kipande cha mnyororo wa baiskeli, tikisa mpaka mkono uchoke, mwaga. Halafu molasi kipimo 1, maji vipimo 9, jaza hadi shingoni, ziba tundu la kabureta, acha wiki mbili. Kutu inalainika yenyewe na chuma kizima hakiliwi. Suuza kwa maji mengi, kausha juani siku hiyo hiyo, zungusha oili kidogo ndani. Ukichelewa hata usiku mmoja kutu inarudi.

Ila liweke tenki ndani ya beseni la maji. Mimi niliweka sakafuni, asubuhi nikakuta sisimizi wamefungua kanisa.

Bi_Mkubwa
Mwanangu, wenzako wamejibu ya injini. Mimi nauliza ya mwenyewe. Hiyo pikipiki ni ya nani?

Kijana_wa_Bombo
Asanteni sana. Fundi, kumbe! Nati mbili za kushikilia injini nilishaziharibu, na ni kwa hiyo hiyo spana ya 14. Molasi nitaitafuta. Oili nimemimina leo jioni.

Bi Mkubwa, pikipiki ni ya nyumbani.

Bi_Mkubwa
Nyumba haiendeshi pikipiki. Nani aliinunua?

FundiNdeeba
Na swali la Jumamosi hukulijibu.

Kijana_wa_Bombo
Sawa. Nitasema, lakini mnisikilize hadi mwisho.

Ni ya babu. Babu yu hai, ana miaka 91. Aliinunua mkono wa pili 1958, akiwa karani kijana. Yuko Arua kwa shangazi tangu mwezi wa tatu, alipelekwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hajui kwamba nimeitoa bandani.

Jumamosi kuna mtu anakuja kuchukua injini ya zamani. Ameshanipa kishika uchumba cha 300,000, na kwa hizo pesa nilinunua rangi na grenda. Na nyuma nimeshakata. Nilikata upande wa kushoto, jiwe la grenda likaisha, upande wa kulia bado.

Najua mtakalosema. Lakini babu hajaiwasha tangu nizaliwe. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti. Mwenyewe alikuwa akisema "chuma hiki mtabaki nacho nyinyi". Mimi ndiye pekee katika wajukuu aliyewahi hata kuifuta vumbi. Nilitaka akirudi macho yake yakiwa mazima aikute inang'aa, inanguruma. Je, nikimwambia sasa, si nitamharibia?

Na mjue hivi: 1979 Amin alipong'olewa, Kampala ikaanguka na watu wa Bombo, wengi wetu Wanubi, wakakimbilia Sudan, babu aliivua magurudumu na magneto, akaificha kwenye stoo ya kahawa ya jirani asiyekuwa Mnubi. Nyumba waliikuta haina paa waliporudi. Pikipiki ilikuwepo. Kwa hiyo siichukulii kama takataka, wallahi.

KipimoDar
Nisameheni, hii hadithi hainiingii. Nimezifuatilia Bantam kwa miaka. Ya kwanza ilitoka 1948, mchoro wake umetokana na DKW RT 125 ya Ujerumani uliochukuliwa kama fidia ya vita, na nyuma ni ngumu kabisa. Haina shokapu. Bantam yenye mkono wa nyuma na shokapu ilikuja 1956, nayo ni modeli nyingine. Sasa huyu ana ya gia tatu, ya kijani ya mwanzo, na papo hapo anakata shokapu? Picha hakuna hata moja. Halafu inatujia vita, Sudan, stoo ya kahawa, upasuaji wa macho. Mambo yamepangika mno.

MtoNile
Mimi nilijiuliza pia. Nikikumbuka, palikuja mmoja hapa akalilia trekta la marehemu babake, watu wakachanga, mwisho likagundulika ni trekta la kwenye kalenda.

MpakaniBusia
Hajaomba hata senti, jamani. Na hilo la 1979 si la kutungwa. Kwetu mpakani tuliwaona watu wakipita na magodoro kichwani. Mama aliwapikia uji siku nzima, sufuria ile ile, mpaka kuni zikaisha akavunja stuli.

KipimoDar
Sijasema vita haikuwepo. Nasema shokapu haikuwepo.

FundiNdeeba
Tulieni. Kijana, usikasirike. Hebu eleza ulichokikata kilikuwaje. Usitumie jina la shokapu, eleza umbo tu.

Kijana_wa_Bombo
Nimekasirika, nisiseme uongo. Mtu anasema nimemtunga babu yangu.

Ni bomba fupi lililosimama wima, mwishoni kabisa mwa chasisi, kila upande moja. Ndani yake kuna springi. Ekseli ya gurudumu inapita katikati, na gurudumu likigonga shimo linapanda na kushuka humo humo, kama upana wa vidole viwili. Hakuna mkono wa kubembea. Mimi nikaita shokapu kwa sababu sikujua jina lingine. Picha siweki kwa sababu shangazi na binamu zangu wote wamo humu.

FundiNdeeba
Basi. Hiyo ni springi ya wima, waliianza 1950 kwa wateja walioitaka, kwenye D1, yaani Bantam ya mwanzo, hiyo hiyo. Mtu asiyeiona kwa macho hawezi kuieleza hivyo. Kipimo, uko sawa kwamba si shokapu, lakini kijana naye hadanganyi.

KipimoDar
Nakubali, hiyo nilikuwa nimeisahau. Kijana, niwie radhi, na nisalimie mzee. Lakini sasa inaniuma zaidi. Ulichokikata ndicho kinachoitofautisha.

Bi_Mkubwa
Marehemu babangu alikuwa na redio ya mbao, ya betri. Ilikuwa kimya miaka kumi. Ndugu yangu akaiuza kwa muuza vyuma akinunua viatu vya kaka yetu mdogo aliyekuwa anaanza sekondari, jambo jema kabisa. Baba aliporudi shambani hakugomba. Aliuliza tu, "Kitambaa chake mmekiweka wapi?", kile alichokuwa akiifunikia. Mpaka anafariki aliendelea kukitunza kitambaa.

Mpigie simu leo. Usingoje afike mlangoni.

MtoNile
Na akisema hapana?

Bi_Mkubwa
Atakuwa amesema mwenye mali.

Kijana_wa_Bombo
Bi Mkubwa, nakuheshimu. Lakini yule mtu wa injini nitamwambia nini? Pesa zake nimetumia. Na upande mmoja umekatwa, hata nikiacha leo haitarudi ilivyokuwa. Si afadhali nimalize?

FundiNdeeba
Hapana. Nusu iliyobaki ndiyo itakayokuokoa. Upande wa kulia ukiwa mzima, ndio kipimo chako cha kurudishia wa kushoto. Ukiukata huo, hutajua tena ekseli ilikaa wapi, na pikipiki itatembea kama kaa.

Kipande ulichokata usikitupe. Mchonga vyuma mzuri wa Katwe atakupa bomba dogo linaloingia kwa kubana ndani ya bomba la chasisi, pande zote mbili za mkato. Unaunganisha, unabandika kwa nukta chache, unatia ekseli na gurudumu, unavuta uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma pande zote mbili. Uzi ukisema sawa, ndipo mnachomelea mzunguko mzima. Simama hapo hapo uone kwa macho yako.

Injini ya Boxer sahau. Matundu ya kushikilia hayalingani, utalazimika kukata tena mbele, mnyororo upange upya, na namba ya injini haitakuwa ile ya kwenye kadi. Askari wa barabarani ataisoma.

Mimi si adui wa kubadilisha. Nyeusi unaipenda, kiti kifupi unakipenda, ni haki yako siku ikiwa yako. Lakini kiti cha kufunga kwa boliti kinatoka, usukani unatoka, madigadi unaifungua unaiweka juu ya dari. Rangi ya zamani usiikwangue mahali pote, acha hata chini ya tenki. Kitu pekee kisichorudi ni kilichopita kwenye grenda.

Matairi nayo uanze kutafuta mapema. Rimu zako ni inchi 19, na za boda ni 17. Mimi nilizunguka soko la vipuri la Kisekka wiki tatu kutafuta jozi ya namba hiyo.

MpakaniBusia
Mimi nimegeuza kauli. Injini ya Boxer muachie anayeiuza. Babangu angenichapa kwa kushauri vile.

Kijana_wa_Bombo
Nimerudi, siku sita zimepita. Samahani kwa kimya.

Ijumaa nilimwambia shangazi kwanza, nikakopa kwake 300,000, na yule mtu amerudishiwa zake zote. Alinuna, akaondoka. Jumamosi nikampigia babu.

Nilimwambia yote, la kukata nikaliweka mwisho. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Nati umefungulia spana gani?" Nikasema ya 14. Akavuta pumzi ndefu. Akaniambia niingie chumbani kwake, chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la kanzu, kuna gunia la sukari limefungwa kwa kamba ya katani.

Spana ziko saba. Kila moja imepakwa grisi na kuzungushiwa kitambaa. Zilikwenda Sudan naye, zikarudi naye. Sikuwahi kujua kama zipo.

Pistoni imeachia siku ya tano, fundi, kama ulivyosema, upana wa ukucha. Sikuilazimisha. Kabureta na sili sijagusa, na kile kipande cha kushoto nimekifunga kwenye gazeti. Babu amesema kisichomelewe mpaka aje, anataka kukiona mwenyewe. Anapanda basi la Arua Jumanne.

Ile nati ya pili niliyoila kona imekubali spana yake.